Siku Meli ya Baba Ilipopita Ismailia

Mama yangu aliiita ile meli mke mwenzake. Hakuwa akitania. Baba alipokuja likizo nyumbani kwetu Voi, zikapita wiki chache, kisha akaanza kukaa kimya mezani, mama alituambia sisi watoto, "Mwenzangu keshamwita." Na kweli, siku mbili tatu baadaye tungeamka tukute begi lake limesimama karibu na mlango, naye yuko nje anapiga viatu rangi.

Meli yenyewe ilikuwa na jina kubwa. Sitalitaja, maana walioijua wataijua bila mimi kusema, na wasioijua jina halitawasaidia. Ilikuwa meli ya abiria ya zama zile ambapo watu walivuka bahari kwa sababu walikuwa na safari, si kwa sababu walitaka kuota jua. Picha yake ilichapishwa kwenye kalenda na kwenye makopo ya biskuti. Mwalimu wetu wa jiografia aliwahi kutuonyesha picha hiyo kitabuni, nami nikainua mkono nikasema baba yangu anafanya kazi humo. Darasa zima likacheka. Kwenye picha ilikuwa nyeupe na ndefu, imejaa Wazungu wenye kofia, na mimi nilikuwa mtoto wa Kitaita mwenye sweta iliyotoboka kiwiko.

Baba alikuwa mtu wa injini. Kazi yake ilikuwa kutia mafuta na grisi, kusikiliza mashine, kupanguza, kuangalia joto na presha, kisha kuanza upya. Alifanya kazi chini ya usawa wa maji, mahali ambapo abiria hawakujua hata kama pana watu. Alianza kabla sijaingia darasa la kwanza, na nilipojifungua binti yangu bado alikuwa humo. Mimi sikuwahi kuiona. Mara moja ilikuja Mombasa, mama akakataa kutupeleka. Alisema hawezi kupanda basi kwenda kumwamkia mke mwenza.

Habari ya kuuzwa kwa meli ilinikuta Doha. Nilikuwa nimekaa huko miaka kadhaa, nikimtunza bibi mmoja wa Kikatari katika nyumba ya familia yake kule Muaither. Nilisomea uuguzi Kenya na cheti ninacho, lakini Doha nilikwenda kama mtunzaji wa wazee, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo iliyopatikana haraka. Mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko nilikuwa nauahirisha mwaka hadi mwaka. Binti yangu, ambaye babake alikwenda zake kabla mtoto hajatambaa, niliwaachia wazazi wangu, maana yake nilimwachia mama. Alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno nilipoondoka. Sasa alikuwa na miaka tisa. Kila alasiri, nikingoja basi la kampuni iliyoniajiri linirudishe Al Mansoura nilikokuwa nikiishi na wanawake wengine wawili, nilimpigia. Alinionyesha daftari lake, jino lililong'oka, kuku wa jirani, kisha akamrudishia bibi yake simu na kukimbia kucheza.

Siku hiyo aliyepiga alikuwa baba, na baba hakuwa mtu wa kupiga simu. Aliniambia yuko katika bandari moja ya Mediterania, abiria wameshuka kwa mara ya mwisho, na wamebaki mabaharia wachache tu wa kuipeleka meli India, kwenye ufuo wa kuvunjia meli. Itapita Suez. Magazeti yanaandika habari zake, na inasemekana watu watakwenda kusimama kando ya mfereji kuiaga. Aliyasema yote hayo kama mtu anayekueleza kwamba sukari imepanda.

Nikamuuliza itapita lini. Akasema baada ya wiki mbili hivi, Mungu akipenda. Nikamuuliza yeye atakuwa wapi ikipita.

"Chini," akasema. "Nitakuwa wapi kwingine?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mfereji ule amepita mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hajawahi kuuona. Meli ikiingia Suez, watu wa injini wote hukaa kwenye nafasi zao mpaka itoke upande wa pili, kwa sababu mashine ikizimika mle ndani meli inakwenda kando na kuziba njia ya dunia nzima. Aliujua mfereji kwa mlio wa injini tu, jinsi unavyobadilika maji yanapokuwa membamba.

Nikamwambia basi mimi nitakwenda kuiona. Akakataa papo hapo. Alisema meli si mtu, na kama nina siku za likizo nizipeleke nyumbani kwa mtoto.

"Baba," nikasema, "maisha yangu yote nikiuliza uko wapi naambiwa uko kwenye meli. Nataka kuiona kabla haijawa vyuma chakavu."

Kisha akasema simu inakatika, ingawa nilikuwa nikimsikia vizuri kabisa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kanisani Mesaimeer kama kawaida, na baada ya ibada nikamweleza rafiki yangu, muuguzi Mkenya aliyenitangulia Doha. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta huku watu wa kila taifa wakitupita wakienda kwenye ibada zao. Nilitegemea afurahi pamoja nami. Badala yake alinitazama kama mtu anayehitaji kupimwa joto. Akaniuliza mara ya mwisho kumshika mtoto wangu ilikuwa lini. Akaniuliza ikiwa nitaweza kumwambia, akishakua, kwamba nilipata siku za likizo nikazitumia kutazama meli ikipita.

"Dada, likizo ni ya mtoto," akasema. "Hiyo meli itakatwa uione usiione."

Nilirudi nyumbani nimenuna, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Nilichokuwa nacho ni hakika tu kwamba nisipokwenda, kuna kitu katika maisha yangu kitabaki hivyo hivyo, nusu nusu, na hakuna likizo ya baadaye itakayokirekebisha.

Jioni nikampigia mama. Nilitarajia anikataze kwa ukali kuliko wote. Nilimweleza polepole, nikizunguka, mpaka akaniambia niache kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kumbe imefika siku yake," akasema. Nilimsikia akivuta kiti. "Mimi sitailia. Lakini wewe nenda. Nenda ukaione ikipita kwa macho yako, uhakikishe imekwenda."

Binti yangu akamnyang'anya simu. Alitaka kujua kama babu ndiye atakayekuwa anaendesha. Nikamwambia hapana, babu anafanya injini iende tu. Akaniuliza, sasa si hiyo ndiyo kuendesha? Kisha akanishauri nivae nguo ya njano, kwa sababu babu haoni vizuri mbali, na watu wakiwa wengi hatanitambua. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Hata gauni nilikwenda kulinunua siku iliyofuata, kwenye duka dogo la nguo mtaani kwetu Al Mansoura, la njano ya ndizi mbivu, rangi ambayo kwa hiari yangu nisingeivaa.

Ilibaki ruhusa. Binti wa yule bibi, ambaye wote nyumbani tulimwita Madam, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na kazi nyingi na hakupenda mabadiliko. Alisema ningoje kiangazi, familia ikisafiri. Nikamwambia kwa heshima kwamba kiangazi hakutakuwa na meli. Akasema hana mtu wa kunishikia nafasi. Nikamwambia mtu yupo, ni Mganda ninayeishi naye, amemaliza mkataba mahali na anangoja mwingine, anajua kunyanyua mgonjwa na kupima sukari, na kampuni imekubali. Nilikuwa nimeyapanga yote hayo kabla ya kufungua mdomo. Madam alitazama simu yake, akasema tutaona, inshallah. Nilikaa huko muda wa kutosha kujua kwamba inshallah ya namna ile ni hapana iliyovaa nguo za sikukuu.

Bibi alikuwa amelala kwenye kochi la majlisi, sebule ileile tulimokuwa tukizungumza, macho amefumba. Tulidhani hasikii. Madam alipotoka, bibi akaniuliza kwa Kiarabu ni meli gani hiyo. Kiarabu changu ni cha jikoni na cha kitandani pa mgonjwa, lakini nilimweleza: baba, meli, mfereji, mwisho. Akafumbua macho. Kisha akaanza kunieleza habari za baba yake mwenyewe, aliyekuwa mzamiaji wa lulu. Kila mwaka aliondoka kabla ya joto kali, akarudi joto likiisha. Yeye akiwa mtoto mdogo alifuatana na mama yake ufukweni, ambako wanawake walisimama wakaigombeza bahari kwa sauti, wakiiambia imetosha, iwarudishe waume zao. Mwaka mmoja wengine walirudi na baba yake hakurudi. Aliyasimulia bila machozi, akichezea ukingo wa shela yake.

"Wewe hujasimama hata mara moja," akaniambia mwishoni. "Nenda ukasimame." Na kabla sijamshukuru akaongeza kwamba nirudi haraka, kwa sababu huyo Mganda hamjui, na chai yake hana hakika nayo.

Sijui alimwambia nini binti yake. Asubuhi Madam alinikuta mlangoni akasema nina siku tano, khalas, asisikie zaidi.

Nilifika Kairo kwa ndege na Ismailia kwa basi. Ni mji wenye miti mingi na nyumba za zamani zenye roshani za mbao, mji uliozaliwa na mfereji. Nilipata chumba katika hoteli ndogo, nikatembea mpaka kwenye kivuko, pale feri inapovusha watu na pikipiki kwenda ng'ambo. Hapo ndipo nilipoona mfereji kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Ng'ambo ya pili niliweza kuona mtu akiwasha sigara. Wakati nikishangaa hivyo, ikapita meli ya makontena, ndefu kama mtaa mzima, bila kelele, karibu kiasi kwamba nilisoma maandishi yaliyofifia ubavuni mwake. Nikasema moyoni, basi nitamwona. Akitokea tu, nitamwona.

Lakini kesho yake upepo ukaamka. Mchanga ulijaa hewani, mbingu ikawa rangi ya udongo, na mfereji ukafungwa. Meli ya baba ilikuwa Port Said, imetia nanga, inangoja. Kesho kutwa yake vilevile. Nilikaa chumbani nimefunga dirisha kwa taulo, nikitazama siku zangu zikiisha. Siku ya ndege yangu ya kurudi ilipofika, upepo ulikuwa umeanza kupungua, na baba akaniandikia kwamba huenda wakaingia mferejini alfajiri ya kesho. Ndege yangu ilikuwa jioni ile.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikafikiri kwa dakika chache tu. Kisha nikabadilisha tiketi, nikampigia Madam. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, nikamweleza habari ya upepo bila kuongeza chumvi, nikamwambia nitarudi siku moja baadaye na niko tayari kwa lolote. Nilisikia simu ikipita mkono kwa mkono, kisha sauti ya bibi.

"Umemwona baba yako?"

"Bado, Mama."

"Sasa unanipigia kwa nini?" akasema, na simu ikakatwa.

Alasiri hiyo nilipata kuongea na baba. Nilimweleza nitakaposimama: kwenye kivuko cha Ismailia, upande wa mji, nimevaa njano. Akasema vizuri, akitoka chini atanipigia. Nikamwambia sikuja kuangalia dude la chuma. Nikamwambia aombe ruhusa kwa mkubwa wake apande juu, hata kwa muda wa kupiga chafya. Akasema katika miaka yote hajawahi kuomba ruhusa ya kuacha mashine mferejini, na hakuna mtu wa injini anayefanya hivyo, ni aibu.

"Basi omba mara hii moja," nikasema. "Wewe ulinifundisha kwamba mtu akija kwako kutoka mbali unatoka nje kumpokea."

Ilikuwa kweli. Alitufundisha hivyo, na nyumbani kwetu hata muuza mboga alipokelewa nje. Baba alivuta pumzi. Akasema, tutaona. Ilikuwa ni tutaona ya kweli, si ile ya Madam, lakini haikuwa ahadi.

Asubuhi anga ilikuwa safi kama imeoshwa. Nilipofika kivukoni nilikuta watu wengi. Walikuwepo wenyeji wamekuja na watoto na mbegu za kutafuna, na walikuwepo wageni wenye kamera kubwa, watu wanaopenda meli kama wengine wanavyopenda mpira. Askari wa zamu alinisogeza kutoka kwenye uzio. Alipogeuka nikarudi. Akanisogeza tena, nikarudi tena, bila kubishana naye. Mara ya tatu alinitazama, akatazama gauni langu, akaniuliza ninamtafuta nani. Nikanyoosha kidole kaskazini kwenye mfereji, nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni: baba yangu, ndani ya meli, chini, kwenye mashine. Akanionyesha jiwe kando ya uzio, mahali palipoinuka kidogo, akasema nisimame hapo nisiondoke. Nami sikuondoka.

Karibu yangu alisimama mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwenye kitambaa mkononi tayari. Aliniambia kwamba alisafiri na meli hiyo akiwa bi harusi, na kwamba kulikuwa na ukumbi wa dansi wenye sakafu inayong'aa hadi unaogopa kukanyaga. Akaniuliza mimi nilisafiri nayo lini. Nikamwambia sikusafiri nayo, baba yangu ndiye anayefanya iende. Alinishika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu.

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa bomba la moshi. Maji yalikuwa yamefichwa na miti, kwa hiyo tuliona bomba lile jekundu likitembea peke yake juu ya miti na juu ya mapaa ya nyumba, taratibu, kama mtu anayebeba kitu kichwani. Kisha pua ikachomoza, na ubavu ukaanza kupita, ukapita, ukapita. Haikuwa nyeupe kama kitabuni. Ilikuwa na michirizi ya kutu iliyoshuka kutoka kwenye kila tundu. Madirisha mengi yalikuwa giza. Boti za kuokolea watu zilikuwa zimeshaondolewa, zikaacha mikono mitupu ya chuma. Lakini ilikwenda kwa nguvu zake yenyewe, ikivuta maji ya ukingoni na kuyarudisha, na nilipousikia mngurumo wake kifuani, chini ya sauti zote nyingine, nikajua kwamba ule ni mkono wa baba yangu.

Meli ikapiga honi, ndefu, nzito. Feri ikajibu, na magari upande wa mji yakajibu. Yule mama alilia waziwazi. Mimi sikulia, sikuwa na nafasi. Nilikuwa nikitafuta. Kwenye deki za juu walisimama watu wachache, wakipunga mikono, nami nikawatazama mmoja mmoja na hakuna aliyekuwa yeye. Sehemu ya katikati ikapita. Bomba likanipita. Nikaanza kuhesabu ni kiasi gani cha meli kimebaki, na kilikuwa kidogo. Nikapanda juu kabisa ya jiwe, nikashika uzio. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba si kitu, nimeiona, nimefanya nilichotumwa.

Karibu na mkia, chini sana, hatua chache tu juu ya maji, palikuwa na uwazi mpana, mahali panapofanyiwa kazi ya kamba za kufungia meli. Na hapo kwenye uwazi alisimama mzee mfupi ndani ya ovaroli ya rangi ya chungwa, vizuia-kelele vimemning'inia shingoni, mkono mmoja ameukinga juu ya macho kwa sababu ya jua. Alikuwa akitazama pande zote: ukingo wa huku, ukingo wa kule, mitende, feri, askari. Alikuwa akiutazama mfereji.

"Baba!" nikaita. Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yule mama naye akaanza kuita baba, baba, bila kujua maana yake, na watoto wa Kimisri wakadakia.

Akageuka. Aliniona. Hakupunga mkono, baba yangu si mtu wa kupunga mkono. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasimama hivyo ameniangalia mimi, nami nikimwangalia yeye, meli ikimchukua taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka sura yake ikawa doa la chungwa, na doa likaingia kwenye kona ambako mfereji unafungukia ziwa, na kilichobaki ni maji yakirudi mahali pake.

Muda wote ule, tangu pua mpaka mkia, haukutosha kunywa kikombe cha chai.

Alinipigia alipomaliza zamu, wakiwa wameshatoka Suez. Akasema kwamba mkubwa wake wa injini alimcheka alipoomba, akamwambia alikuwa anangoja aombe tangu miaka ile walipoanza kazi pamoja.

"Nilidhani ni mpana zaidi," baba akasema. "Kumbe ni mwembamba vile. Nimekuona mpaka hereni."

Nikampigia mama. Aliuliza kama imekwenda. Nikamwambia imekwenda. Akaniuliza kama nimemwona yeye, nikasema nimemwona. Nilimsikia tena akivuta kiti.

"Amekonda?" akauliza.

Nilirudi Doha nikakuta bibi hajala vizuri, anamlaumu Mganda kwa kila kitu. Nilimsimulia yote huku nikimkanda miguu, naye akanisahihisha Kiarabu njiani. Lakini mimi nilikuwa nimerudi na neno lililokuwa likinisukuma. Kwenye jiwe lile nilikuwa nimemwona baba yangu akipita kwa muda mfupi vile baada ya miaka yote ile, na wakati huohuo nikaona kwamba kuna mtoto Voi aliyenifahamu mimi kwa namna ileile niliyomfahamu baba. Sikutaka aje kunitafuta siku moja akiwa amevaa njano.

Niliomba vitabu vya mtihani wa leseni kwa rafiki yangu wa Mesaimeer, yule aliyenikatalia safari. Hakunikumbusha tuliyobishana. Kila Ijumaa baada ya ibada alinikalisha chini akaniuliza maswali, dozi, dalili, taratibu, mpaka wenzetu wakatuzoea. Nilisoma ndani ya basi, nilisoma bibi akilala mchana, nilisoma jikoni wali ukiiva. Nilifanya mtihani nikafeli. Nililia siku moja, siku iliyofuata nikajiandikisha tena. Mara ya pili nikapita, na baada ya kuhangaika na ofisi nyingi nikapata kazi ya uuguzi katika kituo cha afya binafsi, kazi iliyoniruhusu kumleta mtoto.

Nilipomweleza bibi kwamba naondoka, aligeukia ukutani. Kwa siku kadhaa alizungumza nami kwa kupitia watu wengine. Siku yangu ya mwisho nilimsikia akimwelekeza mtunzaji mpya jinsi ya kutengeneza chai, iliki kiasi gani, majani yakae muda gani, na kila alipomaliza kipengele aliongeza, kama anavyofanya yule. Alipoagana nami alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniambia yalla, nenda, mtoto anangoja.

Baba alikuwa ameshafika nyumbani. Meli ilipandishwa ufukweni India kwa nguvu ya injini zake yenyewe, mashine zikazimwa, naye akashuka kwa ngazi ya kamba akatembea kwenye matope bila kugeuka nyuma, au ndivyo alivyotueleza. Mama anasema mwanzoni hakuweza kulala kwa sababu ya ukimya wa nyumba. Alinunua feni kuukuu yenye kelele mbaya, akaiweka kando ya kitanda, na mama, aliyevumilia mengine yote, akaivumilia na hiyo. Kampuni nyingine ilimtafuta kwa kazi. Aliwaambia kwamba ameshauona mfereji.

Ni yeye aliyemleta binti yangu Doha. Nilisimama kwenye uwanja wa ndege pamoja na madereva walioshika majina ya wageni wao, nikitafuta kichwa kidogo, na ndiyo maana karibu nimkose, kwa sababu msichana aliyetembea kando ya baba yangu alimfikia begani. Alisimama mbele yangu akanipa mkono, kwa adabu, kama anavyomsalimia mwalimu. Nikaushika ule mkono. Sikumvuta. Tuliingia kwenye teksi tumekaa hivyo, mkono wake ndani ya wangu, baba mbele anamuuliza dereva habari za injini ya gari.

Asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda chumbani ili nimsuke kabla ya kwenda kuangalia shule. Nilichukua kitana nikagawanya nywele katikati, kama nilivyozigawanya alipokuwa mdogo.

"Bibi hagawanyi hapo," akasema.

Nikamuuliza anagawanya wapi. Akanyoosha kidole nyuma ya sikio, akapitisha mstari mpaka upande wa pili, polepole ili nione. Nikafumua, nikaanza tena pale aliponionyesha.